Alipigana Burma, Kitabu Kikasema Ceylon

Mwaka 1984 ukitajwa Ukambani, mtu huanza na njaa. Tuliiita Nikw'a Ngwete, kwa kuwa mtu aliweza kufa na pesa mkononi kwa kukosa mahindi ya kununua. Mvua zilikataa, ng'ombe wakaisha, na serikali ikaleta mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, ambayo akina mama waliyapika shingo upande. Mimi nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi upande wa Mutomo, Kitui. Katika mwaka ule ule, watu wakihangaikia debe la mahindi, mzee mmoja wa ukoo wetu alihangaikia mstari mmoja katika kijitabu chake cha jeshi. Alikuwa mdogo wa babu yangu mzaa baba, kwa hiyo nilimwita Babu. Mimi ndiye niliyemwandikia barua zake, na kwa kuwa wote waliohusika wametangulia mbele ya haki, nimeona niyaandike haya kabla nami sijawafuata.

Babu aliingia Keya mwaka 1942. Keya ndilo jina tulilolipa jeshi la King's African Rifles, lililoundwa na Waingereza mwaka 1902. Vijana wa Kikamba waliandikishwa kwa wingi katika Vita vya Pili vya Dunia, na wazee wetu hawakusahau yaliyotangulia. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilikuwa imechukua ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu, ikidai wamezidi malisho. Muindi Mbingu akawaongoza maelfu ya watu hadi Nairobi kumwona Gavana, na malipo yake yakawa kukamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Mwaka uliofuata vita vikaanza, na serikali iliyokuwa imekuja kutafuta ng'ombe ikarudi kutafuta wana. Kutoka Kenya peke yake walikwenda karibu watu 98,000. Wengine walikwenda kwa hiari, wengine kwa kusukumwa na machifu, wengine kwa sababu mshahara wa askari, japo mdogo, ulikuwa njia pekee ya kununua tena ng'ombe aliyechukuliwa. Babu alisema yeye alikwenda kwa sababu zote tatu.

Alipewa mafunzo, akapandishwa meli Mombasa, akafika Ceylon mwaka 1943 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyovaa alama ya kichwa cha kifaru begani. Alikuwa katika Batalioni ya 11 ya Keya, batalioni ya Kenya ndani ya Brigedi ya 25. Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, ilikuwa mahali pa mazoezi ya msituni. Katikati ya mwaka 1944 walihamishiwa mpakani mwa India na Burma, na kuanzia Agosti wakaanza kuwafukuza Wajapani kusini kupitia bonde la Kabaw.

Bonde lile Babu alilieleza kwa miguu kuliko kwa maneno. Alikuwa akinyanyua mguu mmoja, akiushika kwa mikono miwili kama mtu anayejinasua, halafu wa pili. Mvua za masika ya Asia ziligeuza barabara kuwa uji. Magari yalizama, nyumbu walizama, na pale nyumbu waliposhindwa askari walijitwika mizigo kichwani. Chakula kilidondoshwa na ndege. Malaria, kuhara na ruba waliwaangusha watu kila siku, na Wajapani walikuwa wamejichimbia katika vilima wasionekane mpaka risasi zianze. Katikati ya Novemba 1944 divisheni ile ilikutana na Wahindi wa Divisheni ya 5 mjini Kalemyo, na mwanzoni mwa Desemba ikaushika mji wa Kalewa. Hapo wahandisi walijenga daraja la chuma la zaidi ya mita 350 juu ya mto Chindwin, na kupitia hapo jeshi la Jenerali Slim likavuka kuelekea katikati ya Burma.

Babu hakuliona daraja hilo. Vipande vya bomu la mzinga vilimpasua paja siku chache kabla ya Kalemyo. Alibebwa kwa machela, akapelekwa hospitali nchini India, na alipopata nafuu akarudishwa kwenye kambi ya Ceylon. Kwa kuwa alikuwa akichechemea, hakurudishwa kwa wenzake. Aliwekwa katika kikosi cha kazi, akapakia na kupakua mizigo mpaka vita vikaisha, na mwaka 1946 akafunguliwa jeshini, akarudi Kitui na kijitabu chake.

Sasa nieleze kijitabu chenyewe, maana ndicho kiini cha habari hii. Kila askari aliyeachishwa jeshi alipewa kijitabu chenye namba yake, jina lake na la baba yake, kabila, lokesheni, jina la chifu, vikosi alivyotumikia, nchi alizofika na nishani alizostahili. Cha Babu kilikuwa kimefungwa katika kitambaa cha khaki, ndani ya kasha la bati. Mahali pa utumishi wa nje ya Afrika Mashariki paliandikwa Ceylon, basi. Kikosi kilichotajwa ni kile cha kazi. Mahali pa nishani palitajwa mbili: Nishani ya Ulinzi na Nishani ya Vita. Nyota ya Burma, iliyotolewa kwa aliyeingia uwanja wa vita wa Burma kati ya 11 Desemba 1941 na 2 Septemba 1945, haikuwemo. Kwa mujibu wa kijitabu kile, Babu hakuwahi kukanyaga Burma.

Kosa la namna hii halikuhitaji mtu mwenye chuki. Askari aliyejeruhiwa aliondoka kikosini upesi na karatasi zake zikabaki nyuma, au zikamfuata hospitali moja akiwa tayari amepelekwa nyingine. Kikosi kipya kilimfungulia ukurasa mpya, na karani wa siku ya mwisho alinakili ukurasa uliokuwa mbele yake. Majina yetu nayo yaliwatatiza makarani. Musyoka aliandikwa Musioka kambini, Musoka hospitalini, na mtu mmoja akagawanyika kuwa watu watatu, kila mmoja na kipande cha utumishi. Jina la Babu lilikuwa limeandikwa kwa namna mbili ndani ya kijitabu hicho hicho kimoja.

Tena, nyota zenyewe zilichelewa. Askari wengi walirudishwa makwao mwaka 1945 na 1946 wakiwa na tepe tu za kushona kifuani. Nishani za shaba zilianza kugawiwa mwaka 1948, na aliyezitaka ilibidi aziombe. Fikiri juu ya mtu aliyesharudi Mutomo au Tseikuru, asiyejua kusoma, aliye mbali na posta kwa mwendo wa siku mbili. Aombe nini, na kwa nani?

Kwa miaka mingi Babu alinyamaza. Jambo lilichemka wazee walipokaa kwenye kaluvu, pombe yetu ya kienyeji, wakisimulia habari za vita, na mmoja akamkatiza mbele ya wote: wewe ni wa Ceylon, mtwika magunia, usituambie habari za Burma. Yule mzee mwenyewe alikuwa na nyota, na alijua kwamba kijitabu cha Babu kilisema hivyo kwa sababu mwana wa Babu, akijifunza kusoma, alikuwa amekisoma kwa sauti mbele za watu. Katika kizazi chao, mtu aliyedai vita asivyopigana alipoteza uzito wa neno lake hata katika kesi ya mpaka wa shamba. Babu alikuwa na paja lililopasuka, lakini watu walisema hata gunia linaweza kumwangukia mtu.

Alinijia mwishoni mwa Mei 1984, nikiwa nimetoka darasani. Akanikabidhi kijitabu. "Mwalimu," akasema, na hapo nikajua jambo ni zito, kwa sababu siku zote aliniita kwa jina la nyumbani, "andika kwamba hiki kimesema uongo juu yangu."

Nyumbani walimpinga. Mama yangu, ambaye alimheshimu sana, alimwuliza kwa upole kama nyota inapikika. Swali lile lilikuwa la haki. Hakuna senti iliyokuwa imefungwa katika nyota ile. Misaada midogo ambayo vyama vya askari wa zamani viliwapa wazee wenye shida ilidai ithibati kwamba mtu alitumikia, na hiyo Babu alikuwa nayo tayari. Alimjibu mama, "Njaa itapita, mwanangu. Kilichoandikwa hakipiti."

Tukaanza kwa chifu, chifu akatupeleka kwa DO, na DO akatuelekeza kwa ofisi moja Nairobi. Jibu la ofisi ile lilipokuja lilikuwa fupi na la adabu: rekodi zinaonyesha kwamba mtajwa alitumikia Ceylon. Nikaandika tena, nikaeleza kwamba tunachopinga ndiyo hizo rekodi. Jibu la pili lilitaka hati ya kuthibitisha utumishi wa Burma. Babu aliponisikia nikiisoma aliinamisha kichwa. "Hati wameiandika wao," akasema. "Mimi nilikuwa nimelala kwenye machela. Sasa wananitaka niilete mimi."

Sijawahi kulisikia jambo hili likielezwa vizuri zaidi. Mwenye kutunza kitabu ndiye aliyekosea, lakini aliyetakiwa kuleta ushahidi ni yule aliyeandikwa vibaya, ambaye hakuwahi kuishika kalamu.

Barua ile ya pili ndiyo iliyonifumbua macho: kama karatasi haipo, basi lazima kuwe na mtu. Nikamwuliza Babu nani alimwona akianguka. Akamtaja mwenzake wa kombania moja, mtu wa upande wa Kibwezi, karibu na reli. Hawakuwa wameonana tangu Novemba 1944. Mwalimu mmoja niliyesoma naye chuo alikuwa akifundisha huko. Nilimwandikia, naye akauliza makanisani na sokoni mpaka akanijibu: mzee yuko hai, macho yamefifia, akili ni timamu.

Tulikwenda likizo ya Agosti. Kutoka Mutomo hadi Ikutha, tukavuka mto Athi, tukashukia Kibwezi kwa barabara ya vumbi jekundu, pembezoni mizoga ya ng'ombe imekaukia kwenye vichaka. Babu alikuwa amevaa koti lake la suti, paja likimuuma kwa mtikisiko wa lori, wala hakulalamika hata mara moja.

Mwenyeji wetu alikuwa ameketi nje ya nyumba yake. Hakuinuka. Alisikiliza hatua zetu, kisha akauliza kwa Kiswahili cha Keya, kwa sauti ya amri, "Namba?"

Babu alisimama wima, fimbo ubavuni, akaitaja namba yake yote bila kukwama.

"Uongo," akasema mwenyeji. "Mwenye namba hiyo nilimbeba mimi. Alikufa."

"Hakufa, ndugu yangu. Uliniambia nisilale. Nami sikulala."

Mzee yule alinyoosha mkono hewani, akimtafuta. Waliposhikana mikono hawakuachiliana kwa muda mrefu, na mimi na yule mwalimu mwenzangu tukaondoka kidogo ili tusiwaangalie wakilia.

Alasiri nzima nilikaa nao na daftari. Mwenyeji alieleza kilima, mvua, saa ya shambulio, nani alikuwa kulia na nani kushoto. Alimwambia Babu aonyeshe paja, akapapasa kovu kwa vidole, akasema juu yake kulikuwa na jeraha jingine dogo, lile la kwanza, la siku mbili kabla. Lilikuwepo. Mimi niliyekulia katika boma moja na Babu sikuwa nimewahi kulijua. Kisha mjukuu akaleta kijitabu cha mwenyeji: Batalioni ya 11, Ceylon, India, Burma, na Nyota ya Burma imetajwa. Nyota yenyewe ilikuwa ndani ya soksi: nyota ya ncha sita, utepe wa buluu wenye mstari mpana mwekundu katikati na mistari ya rangi ya chungwa pembeni.

Ushahidi wa mdomo ulibidi uwe hati. Kibwezi leo iko Makueni, lakini wakati ule Makueni haikuwa wilaya. Ilikuwa sehemu ya Machakos hadi mwaka 1992. Basi shahidi alikuwa wa wilaya moja na mdai wa wilaya nyingine, na kila meza ilitaka muhuri wa meza ya upande wa pili. Mzee wa Kibwezi aliapa mbele ya hakimu, akatia kidole gumba. Babu naye aliapa Kitui. Daktari mmoja wa hospitali alikagua makovu, akaandika kwamba ni ya vipande vya chuma, wala hakutaka malipo. Tukakusanya viapo, nakala za vijitabu vyote viwili na barua ya daktari. Safari hii, pamoja na Nairobi, tukatuma nakala Uingereza, kwenye ofisi ya nishani za jeshi iliyokuwa Droitwich.

Jibu lilichukua muda mrefu. Mvua zikarudi, tukapanda, tukavuna. Lilipofika lilikuwa barua iliyochapwa kwa taipu, ikisema kwamba baada ya kuangalia ushahidi, utumishi wa Burma umekubaliwa na nyota itatolewa. Nyota ikafuata katika kisanduku kidogo cha karatasi.

Babu aliigeuza nyuma. Ilikuwa tupu. Tofauti na nishani za Vita vya Kwanza, nyota za Vita vya Pili ambazo Uingereza ilizigawa hazikuchongwa jina wala namba ya mtu. Nyota ya sokoni na nyota ya kifuani kwa shujaa ni chuma kile kile. Kinachozitofautisha ni maandishi yaliyoko mahali fulani kwamba mtu huyu, mwana wa fulani, alikuwepo. Nadhani Babu alilielewa hili kabla yangu, kwa sababu alikitia kisanduku mfukoni bila maneno mengi, akaniambia turudi kwa DO na kijitabu. Hakutulia mpaka pale palipoandikwa Ceylon pakaongezwa Burma kwa wino, pakatiwa sahihi na muhuri.

Kisha akaomba nafasi katika baraza la chifu. Niliisoma barua kwa Kiingereza, nikaifasiri kwa Kikamba mbele ya watu wote. Yule mzee aliyemwita mtwika magunia alikuwepo. Aliinuka bila kuitwa, akaja mbele, akampa Babu mkono wa kulia. Baada ya siku hiyo hakuna aliyemkatiza tena.

Nimeishi miaka mingi nikiifikiria habari hii, na nimejifunza mengine ambayo wakati ule sikuyajua. Nimejifunza kwamba vitabu vya jeshi vilijua kufunguka vilipotakiwa. Sajini Nigel Leakey, Mzungu wa Kenya aliyekuwa Keya, aliuawa Colito, Uhabeshi, tarehe 19 Mei 1941, akikivamia kifaru cha Waitalia. Msalaba wa Viktoria, nishani kuu kuliko zote, alitangaziwa Novemba 1945, zaidi ya miaka minne baadaye. Aliustahili, na siusemi vibaya. Ninasema tu kwamba muda uliopita haukumzuia mtu kupewa haki yake pale walipokuwepo wa kumsemea.

Nimejifunza pia ukubwa wa tatizo lenyewe. Mwaka 2019 waandishi wa habari walifichua hati za serikali ya Uingereza zilizoonyesha kwamba malipo ya mwisho wa vita yalipangwa kwa rangi, askari Mwafrika akipewa sehemu ndogo ya alichopewa Mzungu wa cheo kile kile. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliofia Vita vya Kwanza, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri, wakiwemo wapagazi wa kikosi cha wabeba mizigo kilichoitwa Kariakoo, ambao majina yao hayakuchongwa popote. Babu alipungukiwa na neno moja katika ukurasa wake. Hao walikosa ukurasa wenyewe.

Kuna watakaosema mambo hayo ni ya wakoloni na yamepita. Mimi nasema ni yetu. Vijana wa Kitui na Makueni wako jeshini leo. Walivuka kwenda Somalia Oktoba 2011, na walikuwepo wenzao kambi ya El Adde iliposhambuliwa huko tarehe 15 Januari 2016. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina sheria ya wanajeshi wastaafu, na sheria hiyo itafaa kwa kadiri vitabu vitakavyokuwa vya kweli. Askari akijeruhiwa, karatasi zake zimfuate. Akihamishwa kikosi, ukurasa wa zamani usipotee. Akilalamika kwamba ameandikwa vibaya, anayetunza kitabu ndiye aanze kutafuta, asimrudishe mzee wa watu kijijini akalete hati ambayo hakuwahi kupewa.

Na kwenye kaunti zetu mbili, bado kuna makasha ya bati. Wenye vijitabu wamekufa, lakini vijitabu vipo kwa wajane na wajukuu, vikiliwa na mchwa. Viongozi wa Kitui na Makueni wana uwezo wa kutuma watu wavipige picha, wavilinganishe kimoja na kingine kama tulivyolinganisha viwili pale Kibwezi, na waandike orodha ambayo mtoto wa shule anaweza kuifungua akamkuta mzee wake. Kazi hiyo haihitaji mabilioni. Inataka watu wanaojua kusoma mwandiko wa zamani, wanaojua kwamba Musyoka na Musoka huenda ni mtu mmoja, na wenye subira ya kumsikiliza bibi kizee anayekumbuka kovu lilikuwa mguu gani. Ianze sasa, wakati bibi huyo yuko hai wa kuulizwa.